Kigingi cha Laxton

Kigingi kiligongwa mara nne, kikasimama.

Ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Novemba, baridi ya kuuma masikio, nami nilikuwa nimesimama kwenye njia ya miguu kando ya shamba la ngano katika kijiji cha Laxton, Nottinghamshire. Mbele yangu wakulima waliovaa gambuti zilizojaa matope walikuwa wameinama, wanautazama mstari ambapo udongo uliolimwa unakutana na nyasi. Mmoja alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akapima kwa macho hadi mwisho wa shamba.

"Hapa plau imeingia kwenye nyasi," akasema.

Anayelima kipande hicho alikuwa papo hapo. Hakubisha. Alichungulia, akaitikia kwa kichwa, na mwingine akachukua nyundo kutoka kwenye trela. Kigingi cha mti kikaingia ardhini. Kisha wote wakapanda trela, trekta ikawavuta kwenda kipande kinachofuata.

Haikuchukua dakika tano.

Ni wiki ya sita sasa na sauti ya nyundo ile bado inanijia, hasa nikiwa zamu ya usiku, wodi ikishatulia. Nimejaribu kuliandika jambo hili mara tatu na nikafuta. Leo naliandika hadi mwisho.

Mashamba matatu

Aliyenipeleka Laxton ni mwenzangu wa kazini ambaye alikulia maeneo hayo. Aliniambia tu, "Wewe unapenda mambo ya mashamba, njoo uone." Nilitarajia kuona ng'ombe na kanisa la kale. Niliyakuta yote mawili. Kanisa ni la Mtakatifu Mikaeli, na nyuma ya kijiji kuna kilima cha ngome ya Wanormani ambacho sasa ni majani matupu.

Lakini kilichonishangaza kwanza ni nyumba. Ukipita vijijini Uingereza utaona nyumba ya mkulima imejitenga katikati ya mashamba yake, na njia ndefu ya kuifikia. Laxton si hivyo. Nyumba za wakulima, za matofali mekundu, zimepangana barabarani katikati ya kijiji, ghala na mazizi yakiwa papo hapo uani. Nikamuuliza mwenzangu mbona hawajajenga shambani.

"Shamba lipi?" akaniuliza.

Ndipo nikaanza kuelewa. Mkulima wa Laxton hana shamba moja la kusema hili ndilo langu. Kijiji kina makonde makubwa matatu yasiyo na ua ndani yake: South Field, West Field na Mill Field. Kila konde limegawanywa vipande virefu vyembamba, na kila mkulima ana vipande vyake vimetawanyika katika makonde yote matatu, vimechanganyika na vya jirani zake. Huyu ana kimoja huku bondeni, kingine kule mwinukoni, kingine upande wa pili wa kijiji. Ukijenga penye kipande kimoja umejitenga na vingine vyote. Kwa hiyo kila mtu anakaa kijijini.

Na hakuna anayejipandia apendavyo. Konde moja likiwa la ngano mwaka huu, wote wenye vipande humo wanapanda ngano. Mwaka wa pili ni zamu ya mazao ya majira ya kuchipua kama shayiri au maharagwe. Mwaka wa tatu konde linapumzishwa, siku hizi mara nyingi kwa kuachwa lote majani ya mifugo. Makonde matatu, miaka mitatu, kisha mzunguko unaanza upya. Zamani karibu eneo lote la katikati ya Uingereza lililimwa namna hii. Leo Laxton ndipo mahali pekee ambapo mfumo mzima bado unafanya kazi, pamoja na baraza lake la kuusimamia.

Baraza hilo ndilo Court Leet. Kila mwaka linateua jopo la watu kumi na wawili. Mwishoni mwa Novemba jopo linazunguka konde lililopandwa ngano, kipande kwa kipande, kuangalia kama kuna aliyelima hadi njia ya wote au kwenye majani ya pembezoni ambayo wanayaita sykes. Wakimaliza wanakwenda kula pamoja kwenye baa ya kijiji, Dovecote Inn. Wiki moja baadaye baraza linakaa humo humo na waliokosea wanatozwa faini ndogo. Mwaka 1977 Bunge la Uingereza lilipozifuta nguvu za kisheria za mabaraza ya aina hii nchi nzima, Laxton iliachiwa za kwake.

Nilisikiliza haya yote nikiwa na uji wa moto kifuani. Kwa sababu nilikuwa nayajua tayari. Niliyajua kama kosa.

Nilichokariri darasani

Shule ya upili tulifundishwa somo la kilimo, na mada moja ilikuwa matatizo ya ardhi iliyotawanyika vipandevipande. Ninayakumbuka majibu kwa mpangilio wake: mkulima anapoteza muda akitembea toka kipande hiki hadi kile, ni vigumu kuzuia magugu na wadudu, hawezi kutumia mashine, hawezi kupanga kilimo chake vizuri. Nilipata alama zote.

Wikendi hiyo nilienda kwa Shosho, nyanya yangu, kwetu Murang'a nchini Kenya, nikamweleza. Nilimwambia kwamba zamani watu wetu walilima vibaya kwa sababu mashamba yao yalikuwa huku na huku, hadi wazungu wakaja wakayaunganisha. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa anachambua njahi kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Haya, mume wangu," akasema. Ananiita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la babu.

Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa namweleza mtu juu ya mashamba ambayo aliyalima kwa mikono yake.

Ekari

Kwenye kituo kidogo cha wageni nyuma ya baa nilisimama mbele ya picha ya ramani iliyochorwa mwaka 1635 na mpima ardhi aitwaye Mark Pierce. Yenyewe iko maktaba ya Bodleian, Oxford. Kila kipande cha kila mtu kimo, maelfu ya mistari myembamba kama nyuzi za kikapu. Na ndani yake Pierce amechora watu wadogo mno: mmoja anashika plau, wengine wanavuna, kinu cha upepo kimesimama kondeni.

Niliwatazama wale watu kwa muda mrefu.

Mwenzangu alinieleza kwa nini vipande ni virefu hivyo. Plau ya zamani ilivutwa na maksai wengi katika udongo mzito wa mfinyanzi, na kuwageuza maksai ni kazi. Basi unalima moja kwa moja mpaka wanyama wachoke, unawapumzisha, ndipo unageuza. Urefu huo wa mfuo mmoja ukaja kuwa kipimo: yadi 220, kama mita 201. Upana wa yadi 22 ndio uliotosha siku moja ya kulima. Zidisha, unapata ekari.

Ekari! Neno tunalolitumia kila siku kwetu. Matangazo ya ardhi barabarani, kesi za mirathi, mahari, mikutano ya familia chini ya mparachichi: ekari mbili, nusu ekari, robo. Kipimo tulichopewa tuyapime mashamba yetu yaliyounganishwa kilizaliwa katika mashamba yaliyotawanyika kama haya.

Na kutawanyika kwenyewe kulikuwa na sababu. Udongo wa Laxton haufanani kila mahali. Penye maji mengi mwaka wa mvua panaoza, mwaka wa ukame panaokoa. Mwenye vipande pande zote hapati vyote vizuri wala hakosi vyote. Kwetu ni hivyo hivyo, na zaidi, kwa kuwa Murang'a ni nchi ya migongo na mabonde. Chini kando ya kijito kunakubali nduma na ndizi. Juu mgongoni kunakubali viazi vitamu na njahi. Ukishuka mashariki joto linazidi na mazao yanakuwa mengine kabisa. Katika mteremko mmoja unaoutembea kwa saa moja kuna hali ya hewa mbili au tatu. Mtu aliyekuwa na kipande katika kila moja alikuwa amejiwekea akiba dhidi ya njaa.

Kwa nini hili halikuwa kwenye majibu niliyokariri?

1952

Nilirudi nyumbani na kijitabu cha wageni mfukoni. Nilikisoma kwenye treni, na nikafika kwenye mstari uliosema kwamba mwaka 1952 Earl Manvers, mwenye ardhi ya Laxton, aliiuza kwa Wizara ya Kilimo ya Uingereza, ambayo iliinunua ili mfumo ule wa kale usipotee.

Niliusoma tena mstari ule.

Mwaka 1952. Oktoba ya mwaka huo huo Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya. Miaka miwili baadaye, 1954, ukatoka Mpango wa Swynnerton, uliopewa jina la ofisa wa kilimo aliyeuandika. Shabaha yake kubwa mojawapo ilikuwa kuondoa vipande vilivyotawanyika katika ardhi ya Waafrika, kuviunganisha kiwe kipande kimoja kwa kila mtu, na kumpa hati.

Kwa hiyo serikali ya nchi moja, katika miaka ile ile, ilikuwa inatoa fedha kuyahifadhi makonde ya Laxton kama hazina ya taifa, na inatoa fedha kuyafuta ya Murang'a kama ugonjwa.

Najua haikuwa ofisi moja, na huenda waliohusika hawakuwahi kukutana. Bado nilishuka kituo changu miguu ikiwa mizito.

Kwetu kazi hiyo ilifanyika watu wakiwa wamefungiwa. Wakikuyu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishiwa kwa nguvu katika vijiji vyenye handaki na ulinzi. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, babu yangu akiwa mmoja wao. Kamati zilizokaa kugawa ardhi zilijaa watu wa upande wa serikali. Uliyekuwa mbali, au mkeo aliyekuwa peke yake mbele ya kamati, mlipewa kilichobaki. Murang'a kazi iliharibika kiasi kwamba sehemu kubwa ililazimika kupimwa upya miaka michache baadaye. Wazee kwetu hawataji jina la mpango wala la ofisa. Husema tu, "wakati mashamba yalipopimwa," na mazungumzo yanahamia jambo lingine.

Kwa wiki mbili nilibeba hasira safi. Ni rahisi kuibeba hasira ya aina hiyo, haina kona.

Kisha nikaanza kusoma juu ya mashamba mengine, yale ambayo hayakubahatika kama Laxton. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kufunga makonde ya wazi na ardhi ya malisho ya wote. Ni kama ekari milioni 6.8, karibu sehemu moja kwa tano ya nchi ya Uingereza. Kijiji baada ya kijiji, wapima ardhi walikuja na minyororo yao, vipande vikaunganishwa, ua wa miiba ukapandwa. Aliyekuwa na ardhi kubwa alitoka na shamba zuri. Aliyekuwa na haki ya kulisha ng'ombe mmoja na kuokota kuni alitoka mikono mitupu. Zile nyua za kijani ambazo watu hupiga picha wakisema hii ndiyo Uingereza ya tangu na tangu, nyingi zilipandwa siku hizo.

Walichotufanyia walikuwa wamefanyiana wenyewe kwanza.

Na Laxton ilipona kwa nini? Si kwa hekima ya mtu. Wenye ardhi wakubwa wawili, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, hawakuelewana juu ya namna ya kuifunga. Makubaliano yangepatikana, leo pangekuwa na ua wa miiba tu.

Lakini kahawa ilinisomesha

Hapa ndipo niliposimama mara zote tatu nilipojaribu kuandika.

Mpango ule ule wa Swynnerton ndio uliowafungulia wakulima wa kwetu kahawa kwa wingi, zao ambalo kwa miaka walizuiwa kulilima. Babu aliporudi kutoka kizuizini alikuta ana kipande kimoja, kidogo kuliko alichostahili, mahali ambapo hakupachagua. Akapanda kahawa. Kahawa ile ilimsomesha baba, na baba akanisomesha mimi, nami niko hapa wodini Uingereza nikiwa na kazi na kalamu. Siwezi kusema kuunganishwa kwa mashamba kulikuwa giza tupu. Ningekuwa naisema vibaya elimu yangu mwenyewe.

Wala Laxton si pepo. Wakulima wa pale ni wapangaji. Ardhi ilitoka kwa Earl kwenda wizarani, mwaka 1981 ikaenda kwa shirika la mali za Taji la Uingereza, na mwaka 2020 ikarudi kwenye milki ya Thoresby, ya ukoo wa Manvers. Yote hayo yakiendelea, aliyeko kwenye trekta alibaki mpangaji. Hata vipande si vile vya mwaka 1635. Mwanzoni mwa karne iliyopita vingi viliunganishwa vikawa vipana zaidi, maana hakuna anayeweza kugeuza mashine kwenye uzi.

Basi nilikuwa namwonea wivu nani, na kwa lipi?

Mita moja

Nimelijua wiki iliyopita tu. Si ramani, wala makonde. Ni kigingi.

Ami yangu ana kesi na jirani yake. Imekaa mahakamani miaka tisa. Ni ya mpaka. Mpima ardhi wa kwanza alisema hivi, wa pili akasema vile. Ninachojua ni kwamba kinachogombewa hakifiki mita moja kwa upana, na kwamba pesa zilizotumika zingenunua robo ekari mahali pengine. Watoto wa nyumba zile mbili walisoma darasa moja. Sasa wakikutana dukani mmoja anatoka.

Zamani mipaka kwetu ilikuwa ya itoka, lile yungiyungi la majani mapana. Ulipandwa mbele ya wazee, watu wakila na kunywa, na kuung'oa lilikuwa jambo la kuogopwa. Palipotokea ubishi wazee walikuja shambani, wakasimama penyewe, wakatazama. Hawakusoma karatasi yoyote. Waliitazama ardhi, na walipomaliza, waliogombana walikaa pamoja.

Hicho ndicho nilichokiona Laxton siku ile. Watu wanaolima pua kwa pua, wakiwa na udongo kwenye gambuti, wanamwambia mwenzao "umeingia," naye anaitikia kwa kichwa. Huyo aliyekosea mwaka huu, mwaka ujao huenda akawa kwenye jopo. Kisha wanakwenda kula.

Sikuweza kulisema hili mapema kwa sababu sikutaka liwe kweli. Hasira juu ya Swynnerton ni ya mtu aliyekwisha kufa. Hii ya mita moja ni ya kwetu, ya sasa hivi, na ami anasoma blogu hii.

Ami, nakuheshimu. Naomba usinikasirikie.

Kipande cha nne

Jumapili nilimpigia Shosho. Binamu alimshikia simu. Nilimweleza juu ya kijiji, jinsi watu wanavyolima vipande vimechanganyika, wote ngano kwa wakati mmoja, na juu ya kigingi. Nayaweka maneno yake hapa kwa Kiswahili ingawa tuliongea Kikuyu.

"Ni wazungu hao?" aliuliza.

"Ni wazungu, Shosho."

"Na huyo aliyevuka mpaka, walikula naye?"

"Walikula naye."

Alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza maishani mwangu: yetu yalikuwa wapi, kabla hayajapimwa?

Alianza mara moja, kama mtu aliyekuwa amekaa na orodha mdomoni miaka sabini. Cha kwanza kilikuwa kando ya kijito, cha nduma. Humo aliteleza akiwa na mimba ya shangazi, babu akacheka, naye hakumsemesha siku mbili. Cha pili mgongoni, karibu na njia ya kwenda sokoni, cha viazi vitamu. Udongo wake ulikuwa mwekundu na mwepesi, jembe lilikuwa linaingia lenyewe. Cha tatu ni cha njahi, mbali, saa nzima kwa miguu, na alikuwa anakwenda na wake wa jirani wawili, wanaimba njia nzima kwenda na kurudi. Nilikuwa nachora nyuma ya kijitabu cha Laxton, mistari yangu imepinda kwa haraka ya kumfuata.

"Na cha nne..." akasema. Akasimama. "Cha nne kiliitwaje?"

Alijaribu. Alitaja mti uliokuwapo, mugumo mkubwa, na mtu aliyelima upande wa juu. Jina lilimkataa. Nilimwambia si neno, apumzike. Akamrudishia binamu simu bila kuaga.

Jumatatu simu yangu ililia saa kumi na moja alfajiri, huku nje bado giza tupu. Moyo ulinipasuka, simu ya nyumbani saa hiyo ni ya msiba. Ilikuwa namba ya binamu.

"Mume wangu," ilikuwa sauti ya Shosho, kavu, ya mtu ambaye hakulala. "Andika. Kianda. Kile cha nne kiliitwa Kianda."

Nikawasha taa kutafuta kalamu.